Akate Dawa

Mi sipendi mtu wa kuongea nusu. Kama una neno, limalize, halafu ufunge kinywa. Nasema hivi kwa sababu neno moja lililokatwa na honi ya treni lilikaribia kuniua kwa woga kwenye gare, stesheni ya treni, ya Kolwezi, mwaka wa tisini na tatu, tulipofukuzwa.

Jina langu ni Tshiela, lakini tangu nimzae binti yangu Kanku watu wananiita Mama Kanku, na bwana wangu Barnabé ni Tata Kanku. Mi ni mtu wa kifafa. Nasema wazi, haya niliimaliza zamani. Nilianza kuanguka nikiwa msichana. Kabla ya kuanguka nilikuwa nasikia harufu ya mpira unaoungua, hata kama hakuna moto popote, halafu basi, dunia inazimika. Nikiamka niko chini, ulimi unatoka damu, na watu wamesimama mbali wakiogopa mate yangu. Kisha daktari mmoja wa lopitalo ya shirika, lile shirika la shaba, akanipa vinini vyeupe, kimoja kila jioni. Nikaacha kuanguka. Nikaolewa, nikazaa.

Lakini mama mkwe hakuviamini vile vinini hata kidogo. Kanku wangu sikumbeba mgongoni hata siku moja. "Utaanguka naye ku moto," alisema, na neno lake likawa sheria. Mtoto alibebwa na shangazi zake, na mimi mama yake natembea nyuma nikibeba nepi. Jambo hilo liliniuma, na bwana wangu alijua kwamba linaniuma.

Basi, miaka ikaenda. Halafu mambo ya shirika yakaanza kuoza. Walikata posho. Walikata maji. Walikata umeme, sisi tunaokaa karibu na barrage ya Nzilo, bwawa la umeme lenyewe, tukawa tunakula kwa mwanga wa mishumaa. Wakamkata Tata Kanku kazini, yeye aliyekuwa fundi wa mota kwenye atelier, karakana ya shirika, tangu ndevu zake ziote. Kila siku ukiamka unauliza, leo wamekata nini? Kisha wakaja vijana na fimbo, na wengine wao walikuwa wamekula mikate yangu kila Noeli, wakasema sisi watu wa Kasai ni bilulu, wadudu, turudi kwetu. Kwetu wapi? Mi nilizaliwa hapa hapa, mtaa wa Manika. Baba yangu aliletwa na shirika kuchimba shaba kabla wazazi wa wale vijana hawajaoana. Kasai niliijua kwa jina tu. Lakini ungeongea nao nini? Nyumba ilikuwa ya shirika, mlango wameng'oa. Tukabeba sahani, magodoro na cherehani yangu, tukaenda kukaa kwenye gare kungojea treni.

Kanku na bwana wake walikwisha kutangulia. Walipanda treni moja ya mwanzo, na baadaye fundi mmoja wa reli alituletea habari kwamba wamefika Mwene-Ditu, kule Kasai, na Kanku amejifungua mtoto wa kike. Nilipiga kigelegele pale pale relini, watu wakafikiri treni imekuja.

Nikueleze ile treni ilivyokuwa, ili uelewe woga wangu. Hakukuwa na viti. Zilikuwa wagoni za mizigo, nyingine wazi kabisa, na watu wanakaa juu ya vitu vyao, huku upepo, huku jua, siku na siku. Aliyeanguka njiani, treni haikumngoja. Sasa mtu mwenye kifafa apande juu ya lile rundo? Mi niliweza kupanda kwa sababu moja tu: kikopo changu cha dawa. Kilikuwa kifuani, ndani ya nguo, nimekifunga kwenye kitambaa.

Na kikopo kile alinipa Stany Kalumba. Stany alikuwa munganga, muuguzi wa lopitalo, mtu wa Manono, Mkatanga kabisa kama wale vijana wa fimbo, lakini moyo wake haukubadilika. Alinipa vinini kwa miaka mingi, akawa kama mdogo wangu. Dawa zilipoanza kukosekana, alikusanya vilivyobaki chini ya makabati, akanitilia kwenye kikopo, akasema, "Mama Kanku, nitakuya ku gare kukueleza mambo ya hii dawa. Doktere aliacha neno juu yako." Kisha hakuja. Walikuwa wamempeleka Nzilo kuchanja watoto.

Siku moja Tata Kanku alikwenda kutafuta maji upande wa pili wa reli. Alirudi anapumua mbio, ndoo imemwagika nusu.

"Nimemuona Stany! Alikuwa juu ya lori, kamyo ya lopitalo. Kati yetu treni ya shaba inapita. Akaita kwa nguvu, 'Tata Kanku! Mama Kanku akate dawa! Akate!' Kisha treni ikalia, sikusikia tena. Kumaliza kupita, kamyo imeenda."

"Akate?" nikauliza.

"Akate. Akafanya na mukono hivi." Tata Kanku akapiga kiganja chake kwa upande wa mkono mwingine, kaa! kama mtu anayekata nyama.

Nilikaa chini. Nilihisi baridi, na lilikuwa jua la saa sita. Kumbe hilo ndilo neno daktari aliloniachia? Posho wamekata, maji wamekata, umeme wamekata, kazi wamekata, sasa na dawa! Kisha hasira ikanipanda, na mimi nikiwa na hasira sisikii mtu.

"Bon," nikasema. "Stany hana mchezo. Kama anasema nikate, ninakata leo leo. Shika hiki kikopo, katupe mbali. Nikikiona nitameza."

"Lakini Mama Kanku, tungojee kwanza..."

"Tupa!"

Akakichukua, akaenda nacho nyuma ya wagoni mbovu. Alirudi mikono mitupu, nami sikumuuliza kitu.

Tangu siku hiyo nilianza kuishi na pua yangu. Mnakumbuka nilisema nini: harufu ya mpira unaoungua. Sasa, jirani yetu pale kwenye gare alikuwa Ngalula, mjane mwenye mdomo usiokuwa na mlango. Kuni zilikuwa za shida, basi Ngalula alikuwa anawashia moto na sandali kuukuu za plastiki. Kila asubuhi! Mi nasikia ile harufu, moyo unaruka, ninakaa chini haraka na kushika reli kwa mikono miwili, nikingojea dunia izimike. Haizimiki. Nageuka, naona Ngalula anapuliza moto.

"Wee Ngalula! Hauwezi kunijulisha mbele ya kuwasha?"

"Nikujulishe moto wangu? Sasa nikikohoa pia nikujulishe?"

"Nijulishe!"

Alicheka, lakini alipojua sababu, akawa anaita kila asubuhi, "Mama Kanku, nawasha!" na watu wote wa gare wakaijua shida yangu. Sawa, wajue. Haya haikuwa shida yangu tena. Nilikuwa ninaogopa tu. Niliogopa nikienda kuteka maji, niliogopa nikisimama kwenye foleni ya unga wa masista. Niliogopa hasa siku treni itakapokuja. Tata Kanku alikuwa na kamba ndefu ya nailoni aliyotoka nayo atelier, akasema atanifunga nayo katikati ya mizigo, kiunoni, fundo mbili. Nikamwambia mi si mbuzi. Akasema mbuzi haanguki treni.

Na yeye mwenyewe, Tata Kanku, alianza kunishangaza. Mwanaume huyu hajawahi kugusa sufuria tangu nimjue. Ghafla, kila jioni, yeye ndiye anayechemsha chai yangu. Yeye anaipoza, yeye ananiletea, na anasimama kuangalia mpaka niimalize. Mwanaume wa Kasai, mbele ya watu wote, anapikia mke chai!

"Huyu bamemuloka, ni uchawi," Ngalula akasema, akipiga makofi. "Mama Kanku, ulimupa dawa gani? Nionyeshe, niolewe tena."

"Niache, sijui kimemwingia nini," nilisema. Na chai yenyewe, ee mama! Chungu mpaka kwenye koo.

"Tata Kanku, hii chai namna gani?"

"Sukari haiko, Mama. Kunywa tu, inapasha mwili moto."

Nilikunywa, kwa ajili ya wema wake. Siku nyingine nilifikiri labda ananihurumia kwa sababu anajua nitakufa njiani, na wazo hilo lilinifanya nilie ndani ya kikombe. Kusema kweli nilikuwa nimekwisha kumuaga kimya kimya. Nilipanga hata nani atampelekea Kanku cherehani.

Majuma yakapita hivyo. Watu wengine walikufa na kuhara pale kwenye gare, watoto wakazaliwa chini ya maturubai, na sisi tuko tu. Sikuanguka. Lakini kutoanguka leo hakukunipa usingizi, kwa maana kesho ipo.

Kisha Jumanne moja mchana, Stany akatokea. Amekonda, viatu vina vumbi jekundu la Nzilo, anacheka kwa mbali.

"Yambo, Mama Kanku! Treni yenu njo ile, banasema kesho asubuhi inaenda. Uko namna gani? Na bile bipande, binaenda muzuri?"

"Bipande gani?"

"Bipande bya kinini. Ulifika ku nusu, ao ku robo?"

"Stany, uko na homa? Wewe njo ulisema nikate dawa. Nilikata."

"Ulikata na nini?"

"Na nini, namna gani? Nilikata! Kikopo nilisema batupe. Tangu siku ile ya kamyo sijameza kitu."

Uso wa Stany ulibadilika. Alikaa juu ya mzigo wetu bila kuangalia, na ndani ya mzigo nikasikia sahani inavunjika.

"Mama," akasema polepole, "nilisema ukate dawa. Na kisu! Nusu, kisha robo, kisha kapande kadogo, polepole mpaka mwisho. Doktere alisema unaweza kuacha, miaka mingi hauangukake. Lakini polepole! Kifafa, ukiacha dawa yake mara moja, kinarudia na hasira. Unaanguka, haujaamuka unaanguka tena. Unaweza kufa, Mama!"

"Ekie! Sasa juu ya nini hukumaliza neno?"

"Nilimaliza! Treni njo ililia!"

Nilitaka kushika reli, haikuwa karibu, nikamshika Ngalula. Nilikuwa nimejiua mwenyewe, hivyo ndivyo nilivyofikiri, na hasira yangu ndiyo iliyonipeleka. Kesho treni, na ndani ya mwili wangu hicho kitu kinangoja na hasira yake.

Tata Kanku akakohoa.

Alitia mkono ndani ya koti, akatoa kikopo changu. Halafu akatoa wembe, umefungwa vizuri kwenye karatasi ya sigara. Akaviweka chini mbele ya Stany kama mwizi aliyekamatwa.

"Sikutupa," akasema.

"Haukutupa," nikasema.

"Niliogopa. Mama Kanku miaka yote iko nameza, leo aache sawa taa inazimika? Niliogopa. Nikasema, nitamupatia bila yeye kujua. Lakini binini bilikuwa kidogo, na treni haikuye. Nikasema nikimupa nzima bitaisha mbele ya safari. Nikakata nusu na wembe. Treni bado haikuye. Nikakata robo. Kisha unga-unga tu. Ya mwisho alikunywa mbele ya misa, si ya Jumapili hii, ile ingine."

"Nilikunywa wapi?"

"Ndani ya chai."

Ngalula alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Tenke. "Njo chai! Njo ile chai! Mi nilisema bamemuloka, kumbe ye njo mulozi!"

Mi nilichukua mfuniko wa sufuria nikamrushia. Ulimpita sikioni.

"Barnabé!" Nilimwita jina lake, na hilo silifanyi isipokuwa mambo yamefika mbali. "Mi natetemeka kila asubuhi na sandali za Ngalula, natubu dhambi zote, nagawa cherehani yangu, na wewe uko unaniangalia tu?"

"Nilitaka kukuambia. Kila siku nilitaka. Lakini uko na kichwa nguvu, Mama Kanku. Ukijua, utakataa chai, na mi nitabaki na nini?"

Ni kweli, ningekataa. Stany alikuwa ameshika kikopo kitupu, anakigeuza. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Nusu, robo, unga," akasema. "Mama, njo vile vile nilitaka. Njo vile vile!"

"Ngoja," nikasema. "Ngoja kwanza. Tangu ile misa ingine, sina dawa hata kidogo mwilini?"

"Hata kidogo," Tata Kanku akasema.

"Na sikuanguka."

"Haukuanguka."

Hapo ndipo nilipolia. Si kwa huzuni. Ni furaha iliyonipanda toka miguuni, nikalia kwa sauti mbele ya gare nzima, na Ngalula naye akalia kunisindikiza, yeye hakosi kilio cha mtu. Nilikuwa nimengojea kuanguka kwa majuma yale yote, na kumbe nilikuwa nimesimama. Nilimpenda Tata Kanku siku ile kuliko siku ya ndoa.

Kisha nikakumbuka jambo.

"Na chai ya jana jioni? Ilikuwa chungu vile vile!"

"Ile njo chai tu, Mama. Sukari kweli haiko."

Stany alinionya kama ndugu. Nisikae pembeni mwa wagoni, moto niuogope bado, nilale vizuri nikiweza, na nikisikia ile harufu bila moto, nitafute munganga, nianze tena dawa bila haya. Nikakubali yote. Kisha akasimama kuaga, akashika mkono wa Tata Kanku, akashika wangu, akaangalia maturubai na watu na vitu vyao vilivyofungwa. Akafungua kinywa, "Mama Kanku, sisi..." akanyamaza.

"Stany," nikamwambia, "usiniachie tena neno nusu. Maliza."

"Mutusamehe," akasema.

"Wewe, tulikwisha kukusamehe," nikamjibu. Wale wengine nilikuwa bado sijawafikia, na sikumdanganya.

Kesho yake tulipanda. Tata Kanku alinifunga na kamba yake, fundo mbili, na safari hii nilinyamaza kwa sababu ya heshima. Kolwezi ikabaki nyuma, na baba yangu kaburini mwake. Nililia tena, na hicho kilikuwa kilio kingine. Tulipofika Tenke wakabadilisha kichwa cha treni, na kile kichwa kipya kikagonga wagoni zetu, gbaa! Watu wa wagoni nzima wakaanguka. Nakuapia, kila mtu! Ngalula juu ya mbuzi wa watu, tata mmoja wa kanisa miguu juu, na bwana wangu kichwa ndani ya sufuria ya bukari, ugali wetu. Mtu mmoja tu hakuanguka, na ni mimi, mgonjwa wa kuanguka, nimekaa katikati kama malkia. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Halafu nikafungua kamba kiunoni mwangu, nikamfunga nayo Tata Kanku.

Mwene-Ditu tulifika mchana, na wagoni ilikuwa juu sana. Watu wanashuka kwa kusukumana, mtu mmoja chini ananipigia kelele, "Mama, utaanguka!" Nikamwambia asogee. Nilishuka kwa miguu yangu.

Kanku alikuwa pale, amekonda, mtoto mgongoni. Tulikumbatiana, tukalia, tukaulizana habari za waliobaki. Nikamweleza mambo ya dawa, yote, na chai ndani yake. Alimwangalia baba yake, akaniangalia mimi. Alijua vizuri nani alimbeba alipokuwa mdogo, na nani alitembea nyuma na nepi. Alifungua kitenge, akamshusha mtoto, akasema, "Mama, inama."

Nikainama. Aliniwekea mtoto mgongoni, akavuta kitenge, akakikaza, nami nikafunga fundo mbele ya kifua changu. Mikono yangu haikujua kufunga, nikarudia. Kisha nikainuka polepole. Alikuwa wa moto na mzito kidogo, na pumzi yake iko kwenye shingo yangu. Nilitembea hatua za kwanza. Nyuma yangu nikasikia viatu, nikageuka. Tata Kanku ananifuata karibu karibu, mikono miwili ameitandaza chini ya mtoto kama mtu anayengojea embe idondoke.

"Tata Kanku," nikamwambia, "mikono hiyo ya nini? Beba nepi."